Karani wa Mizani

Miaka thelathini na mmoja nilipima majani ya watu.
Banda la bati, chini kidogo ya barabara ya Katumba:
kapu la chai linaning'inia kwenye ndoano,
sindano inatetemeka,
inatulia.
Naandika. Anayefuata!

"Karani, kilo kumi na nane tu?
Mbona mgongo wangu unasema ishirini na tano?"
Huyo ni Tulinagwe, kila Jumanne,
maji ya mvua yakimchuruzika mpaka viwikoni.
Nami, bila kuinua macho daftarini:
Mama, mgongo haujui kusoma.
Mizani haina shangazi.

Sasa nimesimama juu ya ubao mweusi
katika chumba cha mazoezi, hospitalini Tukuyu,
miguu na soksi zake, moja imetoboka.
Wa kushoto nimekuja nao kama mgeni asiyeongea,
tangu ile asubuhi ya Mei
kiharusi kiliponikuta nikifunga kamba za viatu.

Mbele yangu skrini. Ndani yake nguzo mbili.
"Hii ni kushoto, hii ni kulia," anasema Tusekile,
binti wa viungo, kalamu sikioni.
"Simama sawasawa, Mzee. Gawa uzito nusu kwa nusu."

Nikasimama sawasawa. Naapa, nilisimama
kama mlingoti wa bendera ya shule.
Nguzo ya kulia ikapanda, ikapanda.
Ya kushoto ikabaki chini, uyoga.

Mashine yako mbovu, nikasema.

Hakucheka. Akavua ndala, akapanda yeye.
Nguzo zikalingana, pacha wa tumbo moja.
Akashuka, akaningoja.
Nje mvua ya Rungwe iliendelea na kibarua chake,
kile kisichojua Jumapili,
na nyuma yangu, nyuma kabisa,
nikamsikia Tulinagwe akikung'uta kapu tupu.

Fundi wa vipimo alikuja mara moja kwa mwaka.
Siku nyingine zote tuliamini sindano.
Sikuiba. Lakini pia sikuuliza.

Basi nikajifunza kuifukuza nguzo kwa macho.
Nikiitazama, nyonga inaelewa, inasogea.
Nikiacha kuitazama, nyonga inanijibu
uongo wa adabu, kama mtoto aliyelamba sukari.
Kumi na mbili kwa mia. Kumi na tisa.
Jasho, katika baridi ile ya Juni!
Siku moja ishirini na sita, kesho yake kumi na tano,
nikakaa kwenye benchi nikagoma kama punda.
Tusekile akaniletea chai. Ya rangi, haina sukari.
Nikaipima kwa ulimi: majani ya daraja la pili.

Wiki ya saba akaigeuza skrini ukutani.
"Leo sema wewe kwanza. Kisha tutaangalia."

Nikautafuta mguu wangu
kama mtu anayepapasa kiberiti umeme umekatika.
Kisigino: kipo.
Kidole gumba: kipo, kwa mbali, ng'ambo ya mto.
Goti
linatetemeka,
linatulia.

Thelathini na nane, nikasema.

Akaigeuza. Arobaini na moja.
"Umejipunja, Mzee."

Neno hilo. Katika vinywa vyote vya Rungwe
nililisubiri miaka thelathini na mmoja,
likaja kunikuta nimevaa soksi iliyotoboka,
kwa binti aliyezaliwa mimi nikiwa tayari na daftari.

Nimeteremka ngazi nikishika ukuta.
Huku kwetu barabara zote zimeinama upande,
hakuna nguzo, hakuna wa kukugeuzia skrini.
Naweka wa kushoto topeni. Nauliza.
Unasema kitu. Siubishii.

Wanasema Tulinagwe anaishi Kyimbila siku hizi, kwa mwanawe.
Pale pana mwinuko.
Nimeanza na kona ya kwanza.